Vibua, ng'onda na usahaulifu wa uzeeni: maswali ninayoulizwa Mtwara

Babu yetu anasahau sana siku hizi. Juzi kaulizia kikombe chake cha chai mara tatu, na kikombe anacho mkononi. Tunaambiwa tumpe samaki. Kweli samaki anarudisha kumbukumbu?

Kurudisha, hapana. Kupunguza kasi ya kuchakaa, huenda. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na kati ya seli na seli kuna kijipengo kidogo mno ambacho ujumbe hukivuka kwa kemikali. Maungio hayo yanaitwa sinapsi. Njia ya kwenda shamba la mikorosho, jina la mjukuu wa mwisho, vyote vimehifadhiwa kwa namna sinapsi zilivyoungana na kuimarika. Uzee hupunguza baadhi yake, na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu uzeeni, huzipukutisha. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake, Marekani, walichunguza ubongo wa watu waliofariki na ugonjwa huo, wakakuta kwamba kilichokwenda sambamba zaidi na kupotea kwa uwezo wa kufikiri ni upungufu wa sinapsi.

Sasa samaki anaingiaje hapo?

Kwa mafuta yake. Utando wa seli za ubongo umejengwa kwa mafuta, na aina moja ya jamii ya omega-3, iitwayo DHA, imejaa zaidi kwenye sinapsi. Itazame chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya mwezi wa saba, kile kipindi cha baridi: yameganda, huwezi kuyamimina. DHA haigandi kirahisi hivyo. Utando wenye DHA ya kutosha hubaki laini, na vipokezi vya ujumbe vilivyomo husogea na kufanya kazi vizuri. Mwili wetu hutengeneza DHA kidogo sana, kwa hiyo inabidi tuile. Hata kibua mwenyewe haitengenezi yote. Chanzo chake ni mwani mdogo wa baharini, usioonekana kwa macho.

Kwa hiyo ninunue vidonge vya omega-3?

Hapa mimi ni mbishi. Utafiti wa Chicago uliotolewa mwaka 2003 uliwafuatilia wazee 815. Waliokula samaki angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya Alzheimer ndogo kwa asilimia 60 kuliko wasiokula au waliokula kwa nadra. Kumbuka tu kwamba mla samaki anaweza kuwa na mengine mazuri maishani mwake. Vidonge vilipojaribiwa Marekani kwa wazee wapatao 4,000 kwa miaka mitano, majibu yakatoka mwaka 2015: usahaulifu haukupungua kasi. Hela ya kopo la vidonge ipeleke feri, kwenye soko la samaki.

Pale feri nichukue samaki gani?

Wenye mafuta: vibua, dagaa, jodari. Inanichekesha kwamba changu ndiye anayegombaniwa na wenye hela, na vibua vinaachiwa sisi! Papa na nduaro wasiwe chakula cha kila siku, hasa kwa mjamzito, maana samaki wakubwa wa namna hiyo hukusanya zebaki.

Sisi tupo Newala, mbali na bahari, tunapata ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, na dagaa wakavu tu.

Kuleni, protini imo. Ila DHA huharibika kwa jua na hewa, na ile harufu kali inayokwaruza koo ni mafuta yaliyochacha. Chagueni waliokaushwa karibuni, wasio na umanjano, na muwahifadhi kizani.

Na wa kukaanga?

Samaki akizama kwenye mafuta yanayochemka hutoa sehemu ya mafuta yake na kunywa ya kwenye karai. Mwaka 2014 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walipima ubongo wa watu 260: waliokula samaki wa kuoka au kuchoma kila wiki walikuwa na ubongo mnene zaidi kwenye sehemu za kumbukumbu, tofauti ambayo haikuonekana kwa samaki wa kukaanga. Mchuzi au wa kuchoma, basi. Ukipata na ming'oko, vile viazi vya porini, pembeni, nani atalalamika?

Korosho je?

Omega-3 yake ni kidogo sana. Ni nzuri kwa moyo, na moyo ndio unaolisha ubongo, lakini haichukui nafasi ya kibua.

Mara ngapi kwa wiki?

Mara mbili, kipande cha ukubwa wa kiganja. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asijiongezee vidonge vya mafuta ya samaki bila kumwambia daktari.

Babu tumpeleke hospitali au tungoje?

Mpelekeni. Usahaulifu unaweza kutokana na presha, sukari, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, au masikio tu: mtu asiyesikia huonekana amesahau. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, ni siku hiyohiyo. Chukueni na dawa zake zote kwenye mfuko, za miti shamba nazo, na aende na mtu anayelala naye nyumba moja.