Klachi ya visu inapogoma: kutafuta hitilafu ya umeme katika mashine ya kukatia nyasi ya kukalia

Viwanja vya gofu, hoteli zenye bustani pana, shule na viwanja vya ndege hutegemea mashine za kukatia nyasi ambazo mwendeshaji hukaa juu yake, na katika nyingi ya mashine hizo visu huunganishwa na injini kwa klachi ya umeme. Mwendeshaji akivuta kitufe, visu huanza kuzunguka, akikibonyeza, vinasimama. Siku visu vinapokataa kuzunguka, lawama huiangukia klachi mara moja, na kwa kuwa klachi kwa kawaida ndiyo kipuri cha bei kubwa kuliko vyote katika sakiti hiyo, kuinunua kabla ya kupima chochote huwa ndiyo hasara ya kwanza. Makala haya yanaeleza vipimo vinavyoweza kufanywa na fundi rewaya yeyote mwenye multimita ya kawaida, yaani kipimo cha volti, ampea na omu, na kwa nini baadhi ya majibu ya kifaa hicho hayapaswi kuaminiwa haraka.

Klachi yenyewe hukaa chini ya injini, imefungwa kwenye ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na injini), na ina sehemu tatu za kuzingatia: koili ya waya wa shaba isiyozunguka, rota inayozunguka pamoja na injini, na sahani ya chuma iliyoungana na puli ya mkanda wa visu. Umeme wa volti 12 ukipita kwenye koili, sumaku inayozaliwa huivuta ile sahani hadi igandamane na rota, na puli huanza kuzunguka. Umeme ukikatika, springi huirudisha sahani nyuma na kuisukuma kwenye breki, ndiyo maana visu havisimami polepole vyenyewe bali hukamatwa. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka visu viwe vimesimama ndani ya sekunde 5. Kwa hiyo kifaa kimoja kinafanya kazi mbili, ya kuendesha na ya kusimamisha, na anayekirekebisha hana budi kukumbuka kwamba ile ya pili inalinda miguu ya watu.

Kwa sababu hiyo vipimo vyote vinavyoelezwa hapa, isipokuwa cha chaji, hufanywa injini ikiwa imezimwa. Ufunguo utolewe pale usipohitajika, waya wa plagi uchomolewe, na asiwepo mtu anayeingiza mkono chini ya sitaha ya visu (gamba linalovifunika) kwa kisingizio kwamba injini haiungurumi.

Kabla ya kushika kifaa chochote, sikiliza. Katika mashine nyingi, mwendeshaji akikaa kitini, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha akavuta kitufe cha visu, husikika mlio mfupi na mkavu wa chuma kugonga chuma. Mlio huo ukisikika vizuri na visu bado havizunguki injini inapowashwa, hitilafu ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kimakanika: mkanda umekatika au umelegea, au kabari inayoishika rota kwenye krenki imevunjika. Usipoteze muda kwenye nyaya. Injini ikizimika papo hapo kitufe kinapovutwa, basi klachi haina kosa lolote. Mashine imeamini kwamba hakuna mtu kitini, na pa kuanzia ni swichi ya kiti. Kimya kitupu, au mlio hafifu wa kusitasita, ndio unaotuleta kwenye umeme.

Kipimo cha kwanza ni cha ukinzani wa koili. Chomoa soketi ya waya iliyo karibu na klachi, weka multimita kwenye omu, na upime kati ya pini mbili za upande wa klachi. Klachi nyingi za mashine hizi, ziwe za Warner Electric au za Ogura, husoma kati ya omu 2 na 4, lakini tarakimu kamili ichukuliwe kwenye kitabu cha mashine husika. Kwa kuwa tarakimu zenyewe ni ndogo, nyaya za multimita nazo zinahesabika: zigusishe zenyewe kwa zenyewe kwanza, na ikisoma 0.3, itoe kwenye jibu. Kipimo kisipoonyesha njia kabisa, yaani mkondo haupiti, koili imekatika ndani na mjadala umekwisha. Kikionyesha chini ya omu 1, nyuzi zimegusana na klachi hiyo ndiyo inayounguza fyuzi. Halafu pima kati ya kila pini na bodi ya klachi. Kwenye klachi yenye nyaya mbili hapapaswi kuwa na njia yoyote, na ikiwepo, maana yake gamba la waya limechubuka na umeme unavuja kwenye chuma.

Koili ikipita mtihani huo, wengi huhamia upande wa pili wa soketi, huvuta kitufe, husoma volti 12 na kutangaza kwamba umeme unafika, hivyo klachi ni mbovu. Hapa ndipo klachi nyingi nzima hutupwa. Multimita ya kidijitali huvuta mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupita hata kwenye kiungio kilichooza bila kupoteza volti yoyote inayoonekana. Chukua koili ya omu 3. Kwenye betri ya volti 12 inapaswa kuvuta ampea 4. Sasa tuseme kwenye soketi, au ndani ya swichi, pana kutu yenye ukinzani wa omu 2. Multimita peke yake itasoma volti 12 kamili. Lakini klachi ikiunganishwa, ukinzani wote unakuwa omu 5, mkondo unashuka hadi ampea 2.4, na kinachobaki kwenye koili ni volti 7.2 tu; nyingine 4.8 zinageuka joto kwenye ile kutu. Nguvu ya sumaku hushuka hata zaidi ya mkondo, kwa kuwa mvuto hufuata takriban mraba wa mkondo, na klachi iliyobakiwa na asilimia 60 ya mkondo wake ina kama theluthi moja tu ya mvuto. Ni sawa na kupima bomba la maji kwa kutazama presha huku koki imefungwa.

Njia sahihi ni kupima klachi ikiwa imeunganishwa na kitufe kimevutwa. Ingiza ncha za multimita nyuma ya soketi bila kuichomoa na usome volti kazini. Ikisoma karibu sawa na betri yenyewe, njia ni nzima. Ikipungua kwa zaidi ya nusu volti, iko inakopotelea, na pa kuitafuta hupatikana kwa kupima hatua kwa hatua: ncha moja ibaki kwenye chanya ya betri na nyingine kabla ya fyuzi, kisha baada ya fyuzi, kisha baada ya swichi ya ufunguo, baada ya swichi ya visu, baada ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) kama ipo. Kipande ambacho ukikivuka kipimo kinaruka ndicho kinachoila volti. Usisahau upande wa hasi. Waya mweusi unaotoka kwenye klachi kwenda kwenye fremu huunganishwa kwa boliti ndogo ambayo hupata rangi, tope na kutu, na fundi anayepima chanya mara tatu na hasi hata mara moja hatafika. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, hewa ya chumvi huigeuza shaba kuwa unga wa kijani ndani ya soketi hata pale ambapo nje panaonekana safi, na desturi ya kuosha mashine kwa pampu ya presha huharakisha uharibifu huo.

Anayependa uhakika zaidi apime mkondo wenyewe. Multimita iwekwe kwenye tundu la ampea 10 na iunganishwe mfululizo kati ya soketi na klachi. Ampea 3 hadi 5 ni afya ya kawaida kwa klachi nyingi. Kipimo hiki kimoja hujumlisha hali ya betri, nyaya, swichi na koili kwa pamoja.

Swichi ya visu inastahili neno la pekee kwa sababu ndani yake mna swichi zaidi ya moja. Jozi moja ya pini hupeleka umeme kwenye klachi. Nyingine huizuia injini kuwaka ikiwa kitufe kimevutwa, au huizima mwendeshaji akinyanyuka. Jozi inayobeba klachi ndiyo inayoungua, kwa kuwa kila umeme unapokatwa koili hurudisha mshtuko wa volti nyingi kwa nukta ya wakati, na cheche huruka kwenye mguso. Baadhi ya watengenezaji huweka diodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye nyaya ili kuumeza mshtuko huo. Diodi hiyo ikifungwa kinyume baada ya matengenezo, fyuzi itaungua kila kitufe kinapovutwa, na fundi atahangaika na koili isiyo na hatia.

Mfumo wa chaji nao hupotosha watu, hasa mafundi waliozoea magari. Gari la petroli betri ikifa, huzimika. Injini nyingi ndogo za mashine za nyasi hupata moto wa plagi kutoka kwenye sumaku ya gurudumu la injini, si kwenye betri. Hivyo chaji inaweza kufa kabisa na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati huo klachi inakunywa ampea 4 kutoka kwenye betri isiyorudishiwa kitu. Baada ya muda visu vinaachia, mwendeshaji analaumu klachi, betri inachajiwa usiku kucha kwa chaja ya ukutani, na asubuhi kila kitu kinafanya kazi. Ikirudia namna hiyo, pima betri injini ikiwa kwenye kasi kamili na visu vikiwa vimezimwa: inapaswa kusoma takriban volti 13.5 hadi 14.7. Ikibaki 12 na kushuka, tazama regulata (kidhibiti cha volti za chaji), kiungio chake cha hasi, na stata, yaani koili za kuzalisha umeme zilizo chini ya gurudumu la injini.

Hitilafu inayoleta ubishi zaidi ni ile ya joto: mashine inakata vizuri kwa nusu saa, kisha inagoma. Shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya omu 3 kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 90, inakuwa na omu 3.8 hivi, na mkondo unashuka kutoka ampea 4 hadi 3.2. Klachi mpya hustahimili hilo bila shida. Klachi iliyotumika sana haistahimili, kwa kuwa nyuso za msuguano zimelika na mwanya kati ya sahani na rota umepanuka, na sumaku dhaifu haiwezi kuivuta sahani kutoka mbali. Hapa ni lazima kumuuliza mwendeshaji swali mahususi: je, visu viliachia vyenyewe katikati ya kukata, au vilikataa kushika tena baada ya yeye kuvizima ili avuke njia? Sahani iliyokwisha gandamana na rota huhitaji nguvu ndogo kubaki pale. Kuivuta upya ndiko kunakotaka nguvu. Vikikataa kushika tena vikiwa vya moto, shuku mwanya. Vikiachia katikati ya kazi huku injini ikiendelea, shuku kiungio, rilei, chaji au waya uliokatika ndani ya koili na unaoachana ukipata joto. Kwa shaka hiyo ya mwisho, pima omu mara tu mashine inapogoma, kabla haijapoa. Koili hiyo ikipoa itakupa jibu zuri la uongo.

Waya wa klachi kung'oka mara kwa mara si ajali. Nyumba ya koili huzuiwa isizunguke na kibanio kilichofungwa kwenye fremu. Kibanio hicho kikivunjika, nyumba huzunguka na kunyofoa waya. Anayeunga waya bila kukitazama kibanio ataunga tena.

Kuhusu kuunganisha nyaya za swichi ya kiti moja kwa moja ili isifanye kazi na kuondoa usumbufu, msimamo wetu hauna nafasi ya mjadala. Swichi hiyo ikiwa mbovu ibadilishwe. Ni kipuri cha bei nafuu ukilinganisha na klachi. Mashine iliyoondolewa ulinzi huendelea kuzungusha visu baada ya mwendeshaji kuanguka, na anayeanguka mara nyingi huangukia karibu nayo.

Vipimo vyote vikiwa vizuri na klachi bado haishiki ikiwa ya moto, rekebisha mwanya. Klachi nyingi zina nati tatu na madirisha matatu pembeni. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.3 hadi 0.4 huingizwa katika kila dirisha na nati kukazwa hadi geji iteleze kwa ugumu kidogo, sawasawa pande zote, kwa kufuata tarakimu ya kitabu. Aina nyingine hazina nati hizo bali zina kipande chembamba cha kuondolewa kwenye breki pindi nyuso zinapolika. Zile zisizo na lolote kati ya hayo hubadilishwa nzima. Klachi mpya ikifungwa isipelekwe moja kwa moja kwenye nyasi ndefu: injini iwekwe nusu ya kasi, visu viwashwe kwa takriban sekunde 10 na kuzimwa kwa muda kama huo, zoezi hilo lirudiwe mara tano, kisha mara tano nyingine kwa robo tatu ya kasi, ili nyuso za msuguano zizoeane kabla ya kubebeshwa mzigo kamili.