Boga, kisu na majibu yetu ya haraka

Boga la kuchonga, lile linalokombwa ndani, likachongwa uso na kuwashiwa mshumaa, ni somo zima la sayansi, limekaa mezani linasubiri kuulizwa. Wanaoliharibu mara nyingi ni sisi watu wazima: mtoto akiuliza tunajibu upesi, na jibu lenyewe si sahihi. Dhana hizi nimezisikia sana, na nyingine nimezisema kwa mdomo wangu.

"Zito hivi, lazima lizame."
Kabla ya kutia kisu, jaza maji kwenye beseni kubwa, kisha waambie watoto wabashiri. Wengi watasema litazama, maana wamelibeba na mikono imewauma. Litie majini: linaelea, mgongo ukichungulia juu. Dondosha kokoto kando yake, inakwenda chini moja kwa moja. Kumbe uzito peke yake hauamui. La kutazama ni uzito huo umeenea katika nafasi kubwa kiasi gani, na boga lina uwazi wenye hewa katikati. Boga lililovunja rekodi ya dunia huko California mwaka 2023 lilikuwa na kilo zaidi ya 1,240, na maboga makubwa ya namna hiyo kuna watu huyakomba wakayapigia kasia kama mitumbwi. Usiwaambie sababu mapema. Wakishalikata wakauona ule uwazi, wapo watakaojijibu wenyewe.

"Boga ni mboga."
Hapa hata lugha inatutega. Jikoni sawa, lakini kwa mwanabiolojia ni tunda: limetokana na ovari ya ua na limebeba mbegu. Ligeuze utazame upande wa pili wa kikonyo, utaona kovu la mviringo. Hapo ndipo ua lilipokuwa.

"Kubwa ndilo lenye mbegu nyingi."
Chukua mawili, kubwa na dogo, mhesabu. Ni kazi ya fujo: mbegu zinateleza, nyuzi zinaganda vidoleni, mtoto anazipanga kumi kumi juu ya gazeti halafu anapoteza hesabu. Mwache aanze upya, kwani kuhesabu upya nako ni sayansi. Mara nyingine dogo hushinda. Kila mbegu iliyojaa ilianza pale chavua ilipokifikia kijiyai ndani ya ua jike, kwa hiyo idadi hutegemea aina ya boga na jinsi nyuki walivyofanya kazi asubuhi ile ua lilipofunguka.

"Mtoto asiposhika kisu hajajifunza kitu."
Kisu kiwe cha mtu mzima, kiberiti vilevile. Kuchora uso, kukomba kwa kijiko, kupima na kuandika vinamtosha mtoto.

"Mshumaa umezimika kwa kuwa oksijeni yote imekwisha."
Hii niliwahi kuifundisha kwa kujiamini kabisa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na mwali wa mshumaa hushindwa ikishuka karibu na 16. Inakuwa imepungua, haijaisha. Toboa tundu kwenye kifuniko cha boga uone tofauti: hewa moto inapanda na kutokea juu, hewa safi inaingia kupitia macho na mdomo, na moshi haurundikani ndani.

"Likiota ukungu, tupa, somo limekwisha."
Mimi naona hapo ndipo linaponoga. Boga zima lenye ganda gumu hukaa miezi mahali pakavu penye ubaridi. Likishachongwa halimalizi wiki nyingi. Ukungu hautoki ndani ya boga. Vijimbegu vyake vinaelea hewani, na kisu kimevifungulia mlango wa kwenye nyama yenye maji takriban asilimia 90. Weka vipande vitatu, kila kimoja kwenye chupa yake angavu: kimoja kitupu, kimoja kimepakwa chumvi, kimoja kimelowekwa siki. Funga na usifungue tena, maana ukungu ukivutwa puani unaweza kumdhuru mtoto. Kila jioni achore anachokiona: manyoya meupe, madoa meusi, maji yanayochuruzika chini, na kile kipande cha siki ambacho bado kina rangi yake.