Je, Wajua kwa Nini Mifupa ya Mjusi wa Kufugwa Hulainika Ilhali Anakula na Kushiba?

Mjusi anayefugwa ndani ya nyumba anaweza kula kila siku mpaka akasaza, na bado mifupa yake ikazidi kulainika. Maradhi haya ya mifupa ni miongoni mwa yanayowapata sana reptilia wa kufugwa, hasa iguana, mijusi wachanga na kobe, na mara nyingi chanzo chake si uchache wa chakula, bali ni kalsiamu, madini yanayoimarisha mifupa, kushindwa kufika inakotakiwa.

Mwili wa mjusi unahitaji kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, kwa kadirio la sehemu 2 kwa 1. Nyenje, ambao ndio chakula cha kawaida cha mijusi walao wadudu, wako kinyume kabisa: fosforasi yao huizidi kalsiamu mara kadhaa, kwani mdudu hana mifupa. Nyoka anayemeza panya mzima, mifupa na yote, hupatwa na maradhi haya kwa nadra sana. Kwa walao majani, mchicha na spinachi huhadaa, kwa sababu zina oksaleti, kemikali ya asili ya mimea inayoing'ang'ania kalsiamu isifyonzwe.

Hata kalsiamu ikitosha, utumbo hauwezi kuifyonza ipasavyo pasipo vitamini D3. Mijusi wapendao kuota jua huitengeneza vitamini hiyo katika ngozi kwa mionzi ya urujuanimno ya aina ya B, yenye mawimbi ya takriban nanomita 290 hadi 315. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote, hivyo mjusi aliyewekwa dirishani hupata mwanga na joto tu. Taa maalumu nazo hupoteza mionzi hiyo baada ya miezi kadhaa ya kutumika, ilhali kwa macho yetu zinawaka vilevile, na hapo ndipo hata mfugaji mwangalifu anapoteleza. Isitoshe, hatua ya mwisho ya kuunda vitamini hiyo ngozini hutegemea joto. Taa nzuri ndani ya kizimba chenye baridi haimfai sana mnyama ambaye joto la mwili wake hutoka nje.

Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi maalumu hutoa homoni inayoifanya mifupa iachie akiba yake, maana moyo na misuli haviwezi kungoja. Taya la chini hulainika hata likabonyea kwa kidole. Miguu huvimba na kuwa migumu, kwa kuwa mwili hujaza nyuzinyuzi pale mfupa ulipodhoofika, na mjusi akaonekana amenona. Dalili hii ndiyo inayosikitisha kuliko zote, kwani mwenye mnyama huifurahia akidhani ni siha. Baadaye vidole hutetemeka, na mfupa waweza kuvunjika kwa kuruka kidogo tu.

Kinga ipo: kuwapaka wadudu unga wa kalsiamu, kuwalisha vizuri wadudu wenyewe kabla hawajaliwa, kubadilisha taa kwa wakati na kupima joto la kizimba. Vitamini D3 ya kulishwa itolewe kwa kipimo, kwa sababu ikizidi, kalsiamu hujikusanya katika figo na mishipa ya damu. Mjusi aliyeanza kutetemeka apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiwahiwa anaweza kupona, ingawa mfupa uliokwisha kupinda kwa kawaida hubaki hivyo.