Isnadi ni nini, na kwa nini "ameipokea Tabari" haitoshi

Kuna ile meseji ndefu ya historia inazungukaga kwenye magrupu, masahaba wamegombana, huyu kasema hivi yule kamjibu vile, na mwisho kabisa imeandikwa "ameipokea Tabari", yaani imo kwenye kitabu cha Tabari, mwanahistoria wa zamani, na hapo mjadala umefungwa, ukibisha unaambiwa unabishana na maimamu. Ilitua kwenye grupu la familia yetu juzi, kaituma mjomba.

Sasa ili uelewe shida iko wapi lazima ujue isnadi. Isnadi (wengine wanasema sanadi) ni yale majina yanayotangulia kabla ya habari yenyewe, yaani kanihadithia fulani, naye kahadithiwa na fulani, naye kasikia kwa fulani aliyekuwepo siku hiyo. Kinachofuata baada ya majina ndo matini. Neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya kuegemeza, habari imeegemezwa kwa watu, ukiwaondoa inabaki inaning'inia. Kwa hiyo maulamaa wakiletewa habari ya zamani swali la kwanza lilikuwa nani kakwambia, mengine baadae.

Na hao watu walichunguzwa kwelikweli. Ikatoka elimu nzima inaitwa elimu ya rijali, wapokezi mmoja mmoja, kaishi mji gani, kumbukumbu yake ikoje, uzeeni alianza kuchanganya au la, na huyo anayedai kamsikia walikutana kweli? Hapa mwaka wa kufa ulikuwa silaha, maana mtu akisema kanihadithia fulani na fulani kafa kabla yeye hajazaliwa, bas kashikwa. Si ajabu kwa Kiarabu tarikh ni historia na ni tarehe pia, neno moja, sisi wengi tumezoea tarehe ya kuandika juu ya barua. Ibn Hajar wa Cairo, aliyefariki 1449, kaandika mijalada ya wasifu wa wapokezi tu. Hata huku kwetu ladha hiyo ipo, Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar alipoandika habari za masheikh wa Kishafi wa Afrika Mashariki utaona anakutajia huyu kasoma kwa nani na nani kasoma kwake.

Ila, na hili ndo watu hawaambiwi, mizani haikuwa moja. Kwenye halali na haramu walibana sana, kwenye sira (habari za maisha ya Mtume) na vita wakalegeza kidogo. Mchukulie Ibn Ishaq, Imamu Malik pale Madina alimsema vibaya sana, lakini sira ya Mtume (s.a.w) kwa sehemu kubwa tumeipata kupitia kwake baada ya Ibn Hisham kuipitia na kuipunguza. Waqidi naye watu wa hadithi walimkataa, ila kwenye habari za vita bado wanafungua kitabu chake.

Turudi kwa Tabari. Huyu kazaliwa Amol 839, kafa Baghdad 923, kaandika historia kuanzia kuumbwa ulimwengu mpaka zama zake, na kwenye utangulizi kasema wazi kwamba habari ambayo msomaji ataiona ya ajabu au ya kuchukiza ajue haikutoka kwake, katoa kama alivyoletewa. Yaani kashakwambia mapema! Habari nyingi za vita vya ridda (vya walioritadi baada ya Mtume kufariki) na fitina ya kuuliwa Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, kazichukua kwa Sayf bin Umar, ambaye watu wa hadithi wanamwita dhaifu, yaani asiyetegemewa, na za Karbala, alikouawa Hussein mjukuu wa Mtume, kazichukua sana kwa Abu Mikhnaf wa mji wa Kufa ambaye naye wamemdhoofisha. Hakuwaficha, kawataja kwa majina, kwa sababu msomaji wake wa Baghdad akiona "Sayf" anajua mwenyewe aipokee vipi. Leo mtu anatafsiri anakata majina yote kwa sababu yanachosha, habari inabaki peke yake kama kidonge kilichotolewa kwenye paketi, hujui cha nini wala kimeisha muda lini.

Halafu kaja mwanahistoria Ibn Khaldun, mwaka 1377, akasema wapokezi peke yao hawatoshi, kabla hujawachunguza angalia kwanza hilo jambo linawezekana? Wanahistoria wamenukuu kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa watu 600,000 na zaidi, yeye akauliza jeshi hilo linapangwaje vitani, upande huu utajuaje kinachoendelea upande ule, na nchi gani ya zama hizo ingewalisha.

Nikamuuliza mjomba, hii Tabari kaitoa kwa nani? Akanijibu kaforwadiwa na jamaa wa msikitini, na huyo naye kaforwadiwa. Kwa hiyo mnyororo upo, majina ndo hamna.