Haraka ya Futari na Sumaku Iliyokataa Kuelea

Ramadhani moja niliharibu kazi ya siku tatu kwa sababu ya kuwahi futari. Kazi yenyewe ilikuwa kidonge cheusi cha gramu 3, oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba, ambayo ikipoozwa sana huwa superkondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani wowote na huisukuma sumaku ikaelea. Vipimo nilivipatia: yitriamu moja, bariamu mbili, shaba tatu. Niliusaga unga kwenye kinu cha akiki mpaka mkono ukaniuma, nikauchoma kwa nyuzi 930 za Selsiasi, nikausaga tena, nikaukandamiza na kuuchoma upya. Kilichobaki ni kukiacha kidonge kipoe polepole tanurini. Mimi nikakichomoa kingali chekundu kwa moto, nikakitua juu ya tofali, nikashika njia ya Majengo.

Asubuhi nikakimwagia nitrojeni ya maji, ambayo huchemka kwa nyuzi −196. (Nitrojeni yenyewe huwa tunaiomba kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaohifadhia mbegu za madume. Mtungi ukiingia tu, darasa zima huangua kicheko.) Nikaweka sumaku juu yake. Ilitakiwa ielee hewani. Ikakaa tu, kama kete ya bao.

Kidonge hicho ndicho ninachokitumia siku hizi kila mwanafunzi anaponiuliza, "Mwalimu, kama ni shaba ndiyo inayofanya kazi, mbona waya wa shaba wenyewe si superkondakta?" Swali zuri kuliko anavyodhani. Zebaki hupoteza ukinzani wote ikipoozwa hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi −269 za Selsiasi; Heike Kamerlingh Onnes aliliona hilo mwaka 1911 kule Leiden. Shaba tupu, inayopitisha umeme vizuri namna ile nyumbani kwako, haijawahi kufanya hivyo. Halafu mwaka 1986 Bednorz na Müller, wakiwa Uswisi, wakaonyesha kuwa oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu huanza kuwa superkondakta kwenye kelvini 30 na zaidi. Kitu chenyewe ni cha kauri, kinavunjika kama kigae! Mwaka uliofuata ikaja hii yangu ya yitriamu, kelvini 92 hivi. Nitrojeni huchemka kwenye 77, kwa hiyo hata sisi wa pwani tukapata cha kuchezea.

Siri iko kwenye mpangilio. Fuwele hii imejengwa kwa tabaka, kama chapati iliyokunjwa kwa samli. Kuna tabaka mbili za shaba na oksijeni zilizosukwa miraba miraba kama jamvi, na katikati yake ametandikwa yitriamu. Nje ya hizo kuna bariamu na oksijeni. Kisha inakuja safu nyingine ya shaba, ila hapa oksijeni zimejipanga mstari mmoja mmoja, mithili ya mnyororo. Kutoka mnyororo hadi mnyororo ni nanomita 1.17 tu.

Umeme usio na ukinzani hupita kwenye majamvi. Lakini jamvi likiachwa lenyewe halipitishi kitu. Kila shaba ina elektroni moja ambayo ingependa kuhama, ila elektroni hazipatani kukaa mbili mahali pamoja. Umewahi kupanda feri ya Likoni saa kumi na moja jioni? Hakuna aliyefungwa, na hakuna anayeweza kusogea. Washushe watu kumi na sita katika kila mia, ndipo mwendo unaanza. Kumi na sita sijaitaja ovyo: katika jamii hii ya oksidi, upungufu wa elektroni 0.16 hivi kwa kila shaba ya jamvini ndio unaoleta joto la juu kabisa la usuperkondakta. Ukizidisha kuwashusha, nalo linaporomoka.

Anayewashusha ni nani? Ni oksijeni ya kwenye mnyororo, mbali na jamvi lenyewe. Inavuta elektroni kutoka jamvini. Katika joto la nyuzi 900 oksijeni hizo hutoroka, na zilizobaki hutawanyika pande zote. Zinarudi na kujipanga kidonge kinapopoa taratibu. Mimi, kwa njaa zangu, sikuzipa nafasi. Fuwele ikabaki na pande mbili zilizo sawa, minyororo haikuundwa, feri ikabaki imejaa.

Nikakirudisha kidonge tanurini kwa nyuzi 450 usiku kucha, nikipitisha oksijeni ya mtungi, ileile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kulipokucha kilikuwa kimeongezeka miligramu arobaini na kitu. Sumaku ikaelea, nikaisukuma kwa kijiti ikazunguka.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mahali pa atomu huweza kuwa na uzito kuliko jina lake. Mtoe yitriamu umweke gadoliniamu, ambayo ni sumaku kweli kweli, na joto la usuperkondakta halibadiliki sana. Lakini zinki, isiyo na usumaku wowote, ikiingia jamvini asilimia chache tu badala ya shaba, mambo yanaharibika. Mwaka 2008 Hideo Hosono na wenzake Japani wakapata kelvini 26 kwenye tabaka za chuma na aseniki, baada ya kubadilisha sehemu ya oksijeni kwa florini. Chuma, ambacho kwa usumaku wake kilihesabiwa adui wa zamani wa usuperkondakta! Huko chuma hukaa katikati ya aseniki nne, na matokeo bora huonekana pembe zake zikikaribia nyuzi 109.5, yaani piramidi isiyopinda.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulitaja kwa sentensi moja: bariamu hupenda maji. Unyevu wa Mombasa humng'oa kutoka kwenye fuwele, hewa ya ukaa inammalizia, na kidonge kinaota vumbi jeupe la kabonati. Niliacha kimoja dirishani masika nzima. Siku hizi navitia kwenye chupa ya jemu, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na mfuniko nauziba kwa nta. Ukinunua viatu vipya, usivitupe, niletee.