Si wimbo wa kazi, jamani

Nimeulizwa tena, safari hii na kiongozi wa kwaya anayepanga nyimbo za Mei Mosi: je, "Racing with the Clock" aiweke pamoja na nyimbo za kutwanga na za kuvuta jahazi? Aweke akitaka, ila asiwatangazie watu kwamba ni wimbo wa kazi. Kuimba kuhusu kazi ni jambo moja, kuimba ili kazi iende ni jingine kabisa.

Wimbo umetoka kwenye The Pajama Game, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo za Richard Adler na Jerry Ross, uliofunguliwa Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, Mei 1954. Kiwanda cha nguo za kulalia kule Iowa, Marekani, wafanyakazi wanadai nyongeza ya senti 7½ kwa saa. Mapenzi ya meneja na Babe, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mtayatazama wenyewe.

Sasa sikilizeni tempo. Wimbo wa kutwanga una nafasi ndani yake: mchi unapanda, mchi unashuka, mtu anavuta pumzi. Anayeanzisha akichoka anapunguza, na wenzake wanamfuata. Mwendo ni wa mwimbaji. Kwenye wimbo huu wa kiwanda mwendo umeshapangwa kabla hujafungua mdomo. Maneno yamekatwa vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, noti zinakuja chapuchapu, pumzi unaiiba unapoweza. Kwaya zetu hupenda kuubembeza, besi wakivuta kila mwisho wa mstari kana kwamba kuna mtu anawasubiri. Hakuna! Cherehani haibembei. Na washonaji wa chumba kimoja hawashoni kwa pigo moja. Huyu yuko kwenye kola, yule kwenye vifungo. Kinachowaunganisha ni saa ya Hines, mpima muda wa kiwanda, wala si mikono yao.

Ndiyo maana mgomo baridi, yaani kazi kufanywa polepole makusudi, unapoanza, muziki wa kiwanda nao unapunguzwa mwendo. Hapo sauti za kiwanda zinakuwa za wafanyakazi, kwa dakika chache tu, mpaka Babe anapoutia mtambo teke na kazi kusimama. Ukiwa umeuimba taratibu tangu mwanzo, mgomo huo utausikiaje?

Wanaosema "ni jazi tu ya Wamarekani" nawajibu kwa ufupi: jazi ya mchezo huu iko kwenye "Steam Heat", ngoma iliyobuniwa na Bob Fosse, inayochezwa kwenye mkutano wa chama. Mdundo wa dansi ya tango uko kwenye "Hernando's Hideaway", mahali pa starehe usiku. Midundo ya kujiachia imewekwa nje ya saa za kazi, na sidhani ni bahati.

Kuna kitu kinanisumbua, nakiri. Wimbo unafurahisha mno. Nikiupiga kinandani watu wanatabasamu, na mpaka leo sijaamua kama ni malalamiko ya mshonaji au tangazo la mwajiri wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mei Mosi, kama unataka madai, mchezo huohuo una "7½ Cents". Wafanyakazi wanasimama wanapiga hesabu jukwaani, nyongeza hiyo inakuwa kiasi gani kwa miaka 5, kwa 10, kwa 20. Kwa wiki ya saa 40 ni dola 3. Watenor wako watauweza, na humo besi wakivuta kidogo nitawasamehe.