Chapa ya spora ni nini?

Chapa ya spora ni doa la unga linalobaki kwenye karatasi baada ya kofia ya uyoga kulazwa juu yake kwa saa kadhaa. Spora ni chembe ambazo uyoga huzaliana kwazo. Moja moja huzioni kwa macho, lakini zikirundikana rangi yake hujitokeza, na kwa wanaotambua uyoga wa porini rangi hiyo ni ushahidi mzito.

Tuseme vuli imeshika na umeokota uyoga usioufahamu kwenye vichaka vya kandokando ya Mwanza. Kata shina karibu na kofia, kisha ilaze kofia matamvua yakiangalia chini. Naam, matamvua kama ya sato: zile kuta nyembamba zilizopangana. Karatasi iwe nusu nyeupe, nusu nyeusi, maana spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe. Funika kwa bakuli upepo wa ziwani usizipeperushe. Asubuhi inua taratibu. Utakuta mistari imejichora kutoka katikati kwenda pembeni, tamvua kwa tamvua.

Kwa nini usiangalie tu rangi ya matamvua? Kwa sababu hudanganya. Chlorophyllum molybdites ukiwa mchanga una matamvua meupe, wa kuvutia kabisa, ila chapa yake ni ya kijani, rangi adimu sana kwa uyoga. Ukiula utatapika na kuharisha. Uyoga wa vichuguu, yaani Termitomyces unaolimwa na mchwa, chapa yake ni ya pinki iliyofifia.

Hata hivyo chapa hupunguza majina tu, haikupi ruhusa ya kula. Amanita phalloides, uyoga unaoua, hutoa chapa nyeupe, na uyoga mwingi unaoliwa vilevile. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na dalili huchelewa saa 6 au zaidi. Ndiyo maana uyoga uchimbwe, using'olewe: ukiung'oa, kile kifuko kinachozunguka kitako cha shina la Amanita, ambacho ni alama ya kuutambua, hubaki udongoni. Habari za kijiko cha fedha kugeuka cheusi kikigusa uyoga wenye sumu ni porojo.

Ukiwa hifadhini, kama Rubondo, usichume. Tafuta Ganoderma, ule uyoga mgumu unaoota kwenye magogo. Hauna matamvua, una vitundu, na unga wake wa kahawia huanguka kwenye majani yaliyo chini yake, mara nyingi hadi juu ya kofia yake yenyewe. Hapo chapa unaisoma bila kugusa kisu.